Keshia wa fedha za kigeni naomba ushauri: noti za ajabu ninazokutana nazo kazini, nizitunze au nizirudishe kwenye mzunguko?

Keshia_wa_Zamu

Wakuu, salaam. Naomba mnisikilize, maana jambo hili limenikaa kichwani na nyumbani limeanza kuleta maneno.

Mimi ni keshia katika ofisi ya kubadilishia fedha. Siku ya kawaida noti kama mia tano hunipita mkononi. Dola ndizo nyingi, zikifuatiwa na yuro, kisha pauni. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona thamani tu. Halafu jioni moja, nikifunga bando la dola mojamoja, ikapita noti ambayo mwisho wa namba yake, pale panapokaa herufi siku zote, pamechapwa nyota. Moyo ukalipuka, nikajua nimepokea bandia. Nikaipandisha kwenye taa, nikapitisha ukucha kwenye koti la George Washington, ukakwaruza vilevile kama kwenye noti nyingine yoyote. Halali kabisa. Tangu jioni ile macho hayajatulia.

Msije mkadhani nachukua cha ofisi. Nikiona noti ninayoitaka natoa pesa yangu ya thamani ileile, naandika kwenye daftari la zamu, na msimamizi anatia saini.

Sasa hivi ninazo noti za nyota kumi na moja, zote dola moja. Ninazo noti tatu za dola mbili. Ninayo dola moja ya mwaka 1957 yenye muhuri wa bluu badala ya kijani. Ninayo dola ishirini ya miaka ya karibuni yenye muhuri wa njano. Mteja mmoja aliiona akaniambia ni pesa ya vita vya pili, nisiiachie kwa bei ya kutupa. Ninayo dola moja yenye namba 40277204, isome kutoka upande wowote utakao. Ninayo dola tano iliyokatwa vibaya, upande wa chini unaonekana ukanda mwembamba wa noti jirani. Ninazo yuro chache za zamani. Na ninazo dola nyingi zilizogongwa mihuri midogo, mwezi, nyota, samaki, herufi nisizozijua.

Tatizo la kwanza: nilizihifadhi kwenye albamu ya picha, ile ya kurasa zenye gundi na karatasi angavu ya kufunika juu. Wiki iliyopita nimeifungua, ina harufu kali ya plastiki, na noti nne zimeganda. Mojawapo ni hiyo 40277204. Nimeivuta kidogo pembeni nikasikia inalia, nikaacha.

Tatizo la pili: mume wangu. Anasema hizi ni fedha zilizolala, na kwa kweli zikijumlishwa si kidogo kwa nyumba yetu. Ila si ubishi wake ulioniumiza. Alichukua noti moja akaniuliza kwa upole, "Hii umeitunza kwa nini?" Nikajibu. Akachukua ya pili, nikajibu. Kufika ya saba sikuwa na jibu, nikasema tu "naona si ya kawaida".

La tatu linaniuma zaidi. Ile ya 1957 ililetwa na mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, ikiwa katikati ya noti zake nyingine. Nilimpa thamani yake kama dola nyingine yoyote, kisha jioni nikaibadilisha na yangu. Sikumwambia kitu. Je, nimemdhulumu?

Nisaidieni. Zipi ni za kweli, zipi nizirudishe, na hizi zilizoganda nizitoeje?

Mtunza_Nyaraka

Dada, kabla ya yote: USIVUTE TENA. Nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka muda mrefu, na albamu za gundi zimeharibu picha na barua nyingi kuliko mchwa.

Funga mlango, zima feni, kaa mezani. Tafuta uzi wa kusafishia meno usio na ladha wala rangi. Kata kipande kirefu kama mkono wako, kizungushe vidoleni pande zote mbili, ukivute kikaze. Anzia kwenye kona iliyokwisha kuachia. Pitisha uzi chini ya noti huku ukiupeleka kushoto na kulia polepole kama anayekata kwa msumeno, uzi ulale kabisa juu ya ukurasa. Kazi yako ni kukata gundi, noti usiinyanyue. Ukikutana na mahali pagumu, toka, ingia kwa kona nyingine. Noti moja inaweza kukuchukua nusu saa, ipe.

Usitumie maji, spiriti, mvuke wala kikausha nywele. Gundi itakayobaki mgongoni mwa noti iache ilivyo kwa sasa.

Harufu unayoisikia, kama jalada au mifuko yake ni ya PVC (aina ya plastiki), ni vilainishi vya plastiki hiyo vinavyotoka. Huacha utando wa mafuta kwenye noti, na plastiki ikizidi kuoza hutoa asidi. Nunua mifuko ya poliesta au ya polipropilini, isiyo na gundi wala PVC. Noti moja mfuko mmoja, ilale bapa mahali pakavu pasipo jua. Usipige lamineti, usifunge kwa mpira, usibane kwa pini wala klipu, usitie selotepu hata kama imechanika.

MzeeWaNoti

Mwanangu, nimekusanya noti tangu ujana wangu, nikakosea karibu kila kosa. Ngoja nizipitie zako.

Dola mbili: watu wengi huzitunza kwa sababu hawazioni. Hawazioni kwa sababu hazitumiki sana, si kwa sababu ziko chache. Marekani ilizirudisha mwaka 1976, upande wa nyuma zikiwa na picha ya Tangazo la Uhuru, na zimeendelea kuchapwa hadi miaka hii. Kama zako ni za 1976 kuja huku na zina mikunjo, ni dola mbili tu. Zikiwa na muhuri mwekundu, hizo ni za kabla, za mwaka 1963 kurudi nyuma, na hapo inafaa kutazama mara mbili.

Dola ya bluu ya 1957: hiyo ni hati ya fedha, kwa maana ya madini ya fedha. Zamani aliyeishika aliweza kwenda kudai madini yenyewe. Haki hiyo ilikoma tarehe 24 Juni 1968. Kama noti bado ni halali, lakini haikupi tena fedha ya kung'aa. Na ya 1957 ni miongoni mwa zilizo nyingi kuliko zote. Ikiwa imechakaa kwa mzunguko, thamani yake kwa mkusanyaji inazidi dola moja kwa kidogo sana. Kwa hiyo mzee wako hukumnyang'anya shamba.

Dola ishirini ya njano: hapa nitakuvunja moyo, nisamehe. Ni kweli kulikuwa na noti za muhuri wa njano. Zilitolewa mwaka 1942 kwa ajili ya majeshi ya Marekani Afrika Kaskazini, ili zikianguka mikononi mwa adui zitambulike na kubatilishwa. Lakini zilikuwa za dola 1, 5 na 10. Ishirini haikuwamo. Na yako ni ya miaka ya karibuni. Wino wa kijani ukipatwa na kemikali, hata ya kufulia, hugeuka njano au bluu. Aliyekuambia huenda aliamini, ila noti yako imeumwa tu.

Yuro za zamani: tazama sahihi. Wim Duisenberg alikuwa rais wa kwanza wa benki kuu ya Ulaya, akaondoka mwaka 2003. Baada yake Trichet, Draghi, kisha Lagarde. Wakusanyaji huzitafuta za Duisenberg kwa sababu kila mwaka hupungua, zikichakaa zinasagwa. Kwenye toleo la kwanza la 2002, herufi ya mwanzo ya namba ni ya nchi: X Ujerumani, U Ufaransa, S Italia, F Malta. Ya Malta ukiiona, ishike.

Hesabu_Tu

Nijibu la namba, hapo ndipo watu wanapodanganyana.

Noti ya dola ina tarakimu nane. Namba inayosomeka sawa pande zote mbili inaamuliwa na tarakimu nne za kwanza tu, nne za mwisho ni kioo chake. Ziko 10,000 katika kila namba 100,000,000, yaani moja katika kila 10,000. Wewe unapitisha noti mia tano kwa siku: kama zote zingekuwa dola, kwa wastani utakutana na moja kila siku ishirini za kazi. Ni nzuri, ila si muujiza. Zinazojirudia, kama 52175217, ni vivyo hivyo, moja katika 10,000.

Namba yenye tarakimu mbili tu, kama 30033303, ni moja katika 8,700 hivi. Watu huzilipia kwa sababu zinapendeza machoni, na sioni ubaya.

Zinazoadimika kweli ni hizi. Tarakimu moja nane, 77777777: ziko tisa tu katika kila milioni mia. Ngazi kamili, 12345678 au 87654321: ziko sita. Na namba ndogo, 00000001 hadi 00000099. Hata ukifanya kazi hiyo hadi ustaafu, huenda usiione hata moja.

Kwenye pauni za Benki Kuu ya Uingereza namba ina tarakimu sita baada ya kiambishi cha herufi na tarakimu, kwa hiyo ya kioo ni moja katika 1,000. Anayekuuzia pauni ya namba hiyo kwa bei ya dola ya namba hiyo anakuongezea mara kumi ya uhaba usiokuwepo.

Jambo la mwisho. Nchini India noti zenye 786, namba inayosimama badala ya Bismillahi, husakwa sana na Waislamu, na Wachina hupenda nane na kukwepa nne. Hapo uhaba hauna kazi. Watu wanalipia maana. Kama wewe unaipenda 40277204 kwa sababu uliikuta mwenyewe kwenye bando saa ya kufunga, hiyo nayo ni sababu. Iandike.

Fundi_Chapa

Mimi ni wa mitambo ya uchapaji, si wa noti, lakini hesabu za mashine ni moja.

Kuhusu dola tano iliyokatwa vibaya, chukua rula upime. Noti ya Marekani ina upana wa milimita 66 na urefu wa milimita 156. Zinachapwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa kisha zinakatwa. Karatasi ikisogea chini ya kisu, kilichopungua juu kitaongezeka chini, na noti itabaki na ukubwa wake uleule. Kama juu pamepungua na chini hapakuongezeka, hiyo ni kazi ya mkasi. Yako ina ukanda wa jirani, kwa hiyo ina dalili njema. Tazama na kona: kisu cha mtambo kinaacha ukingo ulionyooka, mkasi unaacha vijino ukiutazama kwa kioo cha kukuzia.

Ukitaka kuona kosa la kweli linavyojieleza lenyewe, soma habari ya dola ishirini ya ndizi. Mwaka 2004 mwanafunzi wa chuo huko Ohio, Marekani, alitoa pesa kwenye ATM akapata noti ya dola 20 yenye kibandiko cha ndizi cha kampuni ya Del Monte. Mtu mwingine angekibandua. Lakini muhuri wa kijani na namba vimechapwa JUU ya kibandiko. Noti za Marekani huchapwa kwa hatua: nyuma kwanza, halafu mbele, mwisho muhuri na namba. Maana yake kibandiko kilitua pale kiwandani, baada ya hatua ya pili na kabla ya ya tatu. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza kuiga mpangilio huo. Aliiuza kwa zaidi ya dola 10,000, na Januari 2021 ilinunuliwa mnadani kwa dola 396,000.

Kwa hiyo ukiona kitu cha ajabu jiulize kimekuja katika hatua ipi. Ukiweza kuitaja hatua, una kosa la kiwandani. Usipoweza, una noti iliyopata ajali baada ya kuzaliwa, kama hiyo ya njano.

Keshia_wa_Zamu

Nimepima. Milimita 66 kamili, na ukingo umenyooka kama kamba. Asante sana Fundi, nimetetemeka mikono nikipima.

Mzee, nimeumia kuhusu ya njano lakini nashukuru. Hizo nyota kumi na moja hukuzigusia?

MzeeWaNoti

Niliziacha makusudi maana zina habari ndefu.

Noti ikiharibika kiwandani huondolewa. Kuichapa upya kwa namba ileile ni usumbufu, kwa hiyo wanaweka noti ya akiba yenye namba ya mfululizo wake wenyewe na nyota. Marekani wamefanya hivyo tangu 1910. India nao wana nyota, wao huiweka kati ya herufi na namba.

Nyota peke yake haitoshi. Tazama ilichapwa kwa wingi gani. Mfululizo kamili huwa noti 3,200,000, na hizo zimejaa kila mahali. Wakusanyaji hutafuta mifululizo iliyokatishwa, 640,000 kushuka chini. Kwa hiyo zako nyingi, mwanangu, zinaweza kurudi kazini bila majuto.

Ila nitafutie hii. Tazama mwaka wa toleo kando ya picha. Ukiona 2013, dola moja, nyota, namba inaanza na B, soma namba yenyewe. Ikiwa kati ya B00000001 na B00250000, au kati ya B03200001 na B09600000, simama hapo. Mifululizo hiyo ilichapwa mara mbili kwa makosa, mara moja kiwanda cha Washington na mara nyingine kiwanda cha Fort Worth. Kuna mamilioni ya noti zenye pacha wa namba ileile, zote mbili halali kabisa. Ya Fort Worth utaijua kwa herufi ndogo FW karibu na kona ya chini kulia, upande wa mbele. Moja peke yake haina bei kubwa. Pacha wakikutana, wakusanyaji wanagombana.

Keshia_wa_Zamu

Wakuu!! Ipo. 2013, B, iko kwenye mfululizo wa pili, na ina FW. Nimeisoma mara nne na mume wangu ameisoma mara mbili.

Mpenda_Mihuri

Dada, naomba hizo zenye mihuri midogo usizirudishe kwa haraka. Wengi wanaziita noti chafu. Kwa kweli ni saini za wenzako. Wabadilisha fedha wa Asia na Afrika, wakishakagua dola na kuridhika, hugonga kimuhuri chao ili ikirudi waitambue. Dola moja inaweza kuwa na mihuri mitano ya miji mitano, kila mmoja ukisema "niliiona, ni halali". Mimi nina daftari lenye aina zaidi ya mia mbili, nimezichora kwa mkono. Kibei hazina kitu, tena benki nyingi huzikataa. Lakini wewe uliye upande ule wa dirisha ndiye mtu sahihi wa kuzielewa. Chagua zenye mihuri iliyo wazi, isiyopandana, nyingine ziachie ziende.

Binti_Mizani

Mimi nina neno kuhusu yule mzee, na sikubaliani na MzeeWaNoti, kwa heshima zote. Amesema hukumnyang'anya shamba kwa sababu noti ni ya bei ndogo. Je, ingekuwa ya bei kubwa? Dada asingejua siku ile. Aliichukua kwa sababu aliona ina kitu, na mwenye noti hakuona. Mteja anakuja dirishani kwako akiamini wewe ndiye unayejua fedha. Ukiona jambo kwenye noti yake, mwambie kabla hujampa chenji: "Baba, hii si ya kawaida, unataka kuibakiza?" Akikataa, ni yako kwa halali.

Msafiri_Kimya

Binti_Mizani, naelewa, lakini keshia analipwa kubadilisha, si kutathmini. Akimwambia kila mteja "hii ni adimu" na ikawa si adimu, kesho mteja anarudi na lawama. Noti ikishaingia kwenye droo kwa thamani yake, biashara imekamilika.

MzeeWaNoti

Msafiri, kisheria huenda uko sawa. Ila nimelifikiria usiku kucha na Binti amenishinda. Nilipima kosa kwa ukubwa wa faida, na hiyo si mizani.

Niwape kisa. Mwaka 2016 mchongaji wa Uingereza, Graham Short, alichonga picha ndogo mno ya Jane Austen kwenye noti nne mpya za plastiki za pauni tano, picha isiyoonekana vizuri bila kioo cha kukuzia, kisha akazitumia kama pesa ya kawaida zikapotelea kwenye mzunguko. Zilikadiriwa kuwa na thamani ya makumi ya maelfu ya pauni kila moja. Mmoja wa waliozipata, mwanamke wa Ireland Kaskazini, aliirudisha akaomba isaidie vijana. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Alikuta kitu kikubwa ndani ya pesa ya matumizi na akajua mahali anapotaka kiende.

Dada, mzee wako anarudi dirishani? Basi unayo nafasi.

Mlinzi_wa_Soko

Tahadhari moja fupi. Ukishaweka namba na picha hadharani utaanza kupata ujumbe wa watu wanaotaka kununua. Anayekuomba utangulize "ada ya ukaguzi" au utume noti kwanza, mpotezee. Mnunuzi wa kweli ataomba picha za pande zote mbili, ataangalia mikunjo, kisha atakuambia bei. Na usioshe wala kupiga pasi noti yoyote ili ipendeze. Noti ya dola ni pamba na kitani, pasi inabana nyuzi na kung'arisha uso, na mwenye macho anaijua mara moja. Wapimaji wa noti hutumia mizani ya alama 70, na noti iliyofuliwa hushuka thamani.

Keshia_wa_Zamu

Nimechelewa kurudi, wiki hii zamu zilikuwa nzito. Naomba niwape yaliyotokea.

Jumapili tulikaa mezani na mume wangu. Yeye alishika tochi, mimi uzi. Noti ya kwanza ilitoka baada ya dakika kama arobaini, nzima. Ya pili na ya tatu zilikuwa rahisi zaidi, mkono ulishazoea. Ya nne ilikuwa 40277204. Ilifika katikati ikakataa. Nikatoka nikaingia kwa kona nyingine kama Mtunza_Nyaraka alivyosema. Kona ya chini kushoto ilibaki kwenye gundi, kipande kama nusu ya ukucha wa kidole kidogo. Namba haikuguswa. Kile kipande tulikiacha kwenye ukurasa, tukaukata ukurasa wenyewe na kuuweka kwenye bahasha pamoja na noti.

Kisha yeye mwenyewe akachukua daftari, akaniuliza swali lake lilelile kwa kila noti, na jibu langu akaliandika. Pale nilipokwama noti ikaenda upande wa kurudi. Zimerudi nyota kumi, dola mbili zote tatu, na mihuri mingi iliyopandana. Zimebaki: nyota yenye pacha wake mahali nisipopajua, dola tano yenye ukanda, namba ya kioo, yuro mbili za Duisenberg, na dola sita za mihuri, mojawapo ina samaki aliyechongwa vizuri hadi magamba yanaonekana. Ya njano nimeibakiza kwa muda. Ameandika "iliyobadilika kwa kemikali, tusidanganyike tena".

Yule mzee alikuja Alhamisi. Nilikuwa nimeibeba ile ya 1957 kwenye mfuko wake mpya. Nilimweleza yote, nilivyoichukua na nilivyonyamaza, na kwamba bei yake si kubwa lakini nilipaswa kumwambia. Hakukasirika. Aliivaa miwani, akauliza hii bluu maana yake nini, nikamweleza habari ya madini ya fedha na mwaka 1968. Akasema mwaka huo alikuwa darasa la tatu. Akatoa dola moja ya kawaida akanisukumia chini ya kioo, akaichukua yake akamwonyeshe mjukuu.

Nafasi ya noti hiyo kwenye daftari nimeiacha wazi. Nimeandika tu tarehe aliyoichukua.